Kithitu Ndani ya Kabati la Kioo

Kati ya 1910 na 1912 mwanazuoni wa Kiswidi, Gerhard Lindblom, alikaa Ukambani akiandika mila, lugha na ngano za Wakamba. Kazi hiyo ilimpatia udaktari wa Chuo Kikuu cha Uppsala mwaka 1916, na kitabu kizima kilichotoka 1920 bado hufunguliwa na anayetaka kujua jinsi mababu wa Kitui na Makueni walivyoabudu, walivyoapa na walivyozika. Mwaka 1928 alikabidhiwa Makumbusho ya Ethnografia ya Stockholm, akayaongoza hadi 1954. Kwa hiyo mji ule, ambao wageni huuendea kutazama vichochoro vya Gamla Stan na merikebu ya Vasa, una udugu na Ukambani ambao mtalii wa kawaida hana habari nao. Udugu huo unaleta swali lisilomhusu Mswidi peke yake. Kitu ambacho watu walikiogopa na kukiheshimu, kikishawekwa mahali ambapo kila apitaye anaweza kukikodolea macho, kinabaki kile kile?

Chukua kithitu. Wakamba walikitumia kuapisha watu pale ushahidi wa kawaida ulipokwama, na aliyeapa uongo alijua kwamba mauti yangemfuata yeye na jamaa zake. Mara nyingi ni pembe iliyojazwa vitu anavyovijua mwenyewe tu. Hakikuwekwa nyumbani ovyo, hakikushikwa na yeyote, na mtu hakukisogelea bila sababu. Nguvu yake, hata kwa asiyeamini uganga, ilitokana na masharti hayo: nani anakishika, lini, mbele ya nani, kwa ajili ya kesi ipi. Kiweke ndani ya kabati la kioo, kimulikwe na taa, na chini yake kiandikwe jina la kabila na mwaka kilipopatikana. Mtazamaji ataona pembe. Hatakuwa amedanganywa, maana pembe ipo kweli, lakini kithitu hajakiona. Wengi wangesimama hapo na kuhitimisha kwamba kutazama kwenyewe ndiko kunakoua utakatifu, hivyo watalii wafukuzwe na makumbusho yafungwe. Mimi naona hitimisho hilo limekosea mshtakiwa.

Msaada bora katika jambo hili unatoka Kitui kwenyewe. John Mbiti alizaliwa Mulango mwaka 1931, akawa kasisi wa Kianglikana, na mwaka 1969 akatoa kitabu chake mashuhuri juu ya dini na falsafa za Kiafrika. Humo anaeleza kwamba mtu aliyekufa hajaondoka kabisa maadamu wapo waliomjua na wanaoendelea kumtaja kwa jina. Huyo ni mfu aliye hai, bado yuko ndani ya kipindi alichokiita Sasa. Hukumbukwa kwa jina, hutengewa chakula na kinywaji, huulizwa shauri. Akishafariki mtu wa mwisho aliyemjua, naye huzama Zamani na kuwa miongoni mwa roho zisizo na jina. Mbiti alikadiria kwamba safari hiyo huchukua vizazi vinne au vitano. Kwa mujibu wa fikra hii, uhai wa marehemu unashikiliwa na mambo mawili: jina linalotamkwa, na deni ambalo walio hai wanaendelea kulilipa. Macho ya watu hayamo katika hesabu. Nami nadai kwamba vitu na mahali patakatifu vina kanuni hiyo hiyo. Vinakufa pale jina la mwenyewe linapofutwa na mtazamaji anapoachwa bila wajibu wowote.

Wapo wanaomkataa Mbiti. Kwame Gyekye wa Ghana alipinga kwa nguvu dai lake kwamba Mwafrika wa jadi hana wakati ujao wa mbali, na Okot p'Bitek wa Uganda alimshutumu yeye na wenzake kwa kuivika dini ya Kiafrika mavazi ya teolojia ya Kizungu. Lawama hizo ni nzito, na ile ya Gyekye nadhani ilimpata barabara. Lakini zinagusa wakati ujao na sura ya Mungu. Sehemu ninayoitegemea, ile ya marehemu na jina lake, yeyote aliyehudhuria tambiko au hata misa ya kumbukumbu Ukambani anaitambua bila kufundishwa.

Tazama sasa Makindu, kando ya barabara kuu ya Mombasa. Hekalu la Masingasinga lililojengwa pale mwaka 1926, na watu waliokuja na kazi za reli, ni kivutio cha Makueni kwa kila maana ya neno hilo. Wasafiri wa dini zote husimama hapo, hulipiga picha, hulisifu. Hata hivyo halijawa jumba la kutazamwa tu, kwa sababu anayeingia huvua viatu, hufunika kichwa, na akipenda hukaa chini akala chakula cha bure pamoja na wengine. Mgeni amepokea kitu na amewekewa sharti. Kaya Kinondo kule Kwale ni hivyo hivyo: huingii msitu ule bila kujifunga nguo nyeusi na kuongozwa na mwenyeji, na kuingizwa kwa kaya za Wamijikenda katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008 hakukuwaondolea wazee kauli yao. Ukilinganisha na mwamba wa Nzambani, karibu na mji wa Kitui, tofauti inauma. Kuna ngazi ya chuma ya kupandia, na kuna hadithi kwamba ukiuzunguka mara saba utabadilika jinsia. Hadithi hiyo sasa ni kichekesho cha kumtania rafiki kabla ya kupiga picha. Mwamba haukudhurika hata kidogo. Kilichopotea ni mtu wa kusema, kwa haki ya ukoo wake, kwamba hapa unafanya hivi na hapa hufanyi.

Mchungaji wa Kitui anaweza kuniuliza kwa nini Mkristo asikitikie kifo cha vitu vya aimu, yaani mizimu ya Wakamba. Jibu langu huenda likamshangaza: katika ugomvi huu yeye yuko karibu zaidi na mwenye kithitu kuliko mtunza makumbusho. Anayekichoma kithitu kwa jina la Yesu amekubali kwamba ni kitu cha kushindana nacho. Anayekipa namba na kukipangia rafu amekiondolea hata heshima ya kuchukiwa.

Pingamizi kubwa zaidi ni la mchwa. Bila akina Lindblom, huambiwa, vitu hivi vingeoza au vingechomwa, na leo tusingekuwa na la kubishania. Kuhusu maandishi nakubali kabisa, na Lindblom tunamdai shukrani. Kuhusu vitu, Stockholm yenyewe ilipata somo. Mwaka 1929, Lindblom akiwa mkurugenzi, nguzo ya ukumbusho ya chifu G'psgolox wa Wahaisla wa Kanada ilikatwa na kupelekwa Uswidi. Wenyewe walipoidai, makumbusho yalitaka kwanza lijengwe jengo lenye hewa iliyodhibitiwa ili isiharibike. Kwa desturi ya Wahaisla, nguzo kama ile husimama, huanguka, na hurudi udongoni, na kuoza kwake ni sehemu ya kazi yake. Hatimaye ilirudishwa mwaka 2006. Kuhifadhi, basi, kunaweza kuwa ndiyo njia ya kukizuia kitu kisimalize maisha yake. Zama za mababu zina haki ya kuzama, na Mbiti alilijua hilo. Ubaya ni kuzamishwa na mtu baki kabla ya wakati.

Wala Waswidi hawakosi kuujua uzito wa jina. Merikebu ya Vasa ilizama Agosti 1628, ikaopolewa 1961, na mifupa ya waliofia humo ilipewa herufi kwa sababu majina yao hayakujulikana. Baadaye makumbusho yaliona herufi hazitoshi, yakawabunia majina. G akaitwa Gustav, na mwaka 2023 vipimo vya vinasaba vilipoonyesha kwamba alikuwa mwanamke, akaitwa Gertrud. Mifupa ya miaka karibu mia nne iliyokosa jina imetafutiwa moja, wakati makumbusho ya ethnografia ya Ulaya kwa muda mrefu yaliandika jina la aliyekusanya na la kabila, yakaliacha la aliyechonga. Na Ukambani, tofauti na kwenye Vasa, hakuna haja ya kubuni. Watu waliozungumza na Lindblom walikuwa na watoto, wajukuu na vitukuu, na kwenye madaftari ya wakusanyaji wengi tarehe na mahali hupatikana. Kutoka 1912 hadi leo ni vizazi vinne au vitano, yaani kipimo kile kile cha Mbiti. Wajukuu walio hai ni wazee sana, na bado hawajaulizwa vya kutosha nani alimiliki nini.