Je, Kuongea na Adui ni Usaliti?

Tunawaandikia ninyi wasomaji wetu wa Lobule huku Koboko, na ninyi wa Rhino Camp upande wa Arua. Mara hii hatuandiki juu ya mabati ya kanisa wala juu ya mgao. Tunaandika juu ya neno moja ambalo tumekuwa tukitupiana kama jiwe tangu mwanzo wa mwaka 2025, yaani neno msaliti.

Jambo lenyewe lilianzia mbali na sisi. Mwezi wa Januari 2025, Baraza la Maaskofu Wakatoliki wa Kongo (CENCO) pamoja na Kanisa la Kristo katika Kongo (ECC), ambalo linakusanya makanisa mengi ya Kiprotestanti yaliyotulea sisi, walitangaza mpango wa pamoja wa kutafuta amani katika Kongo na nchi za Maziwa Makuu. Kabla mwezi haujaisha, Goma ikaanguka mikononi mwa M23. Mwezi wa Februari wajumbe wa makanisa hayo, ambao walikuwa wamekwisha kuonana na Rais Tshisekedi, walikwenda Goma wakaketi na Corneille Nangaa na viongozi wa M23, kisha wakaenda Kigali kuonana na Rais Kagame. Hapo ndipo moto ulipowaka. Wako wanasiasa wa Kinshasa waliosema kwamba maaskofu na wachungaji hao wamempa muuaji mkono, na kwamba wamempa adui heshima ambayo hakuweza kuipata kwa bunduki. Wengine wa upinzani wakawatetea, lakini tukisikiliza vizuri tuliona kwamba baadhi yao waliwatetea kwa sababu tu serikali ilikasirika. Hata viongozi wa dini hawakuwa na sauti moja.

Na sisi hapa, tunaokula posho ileile na kupanga madumu kwenye bomba lilelile, tuligawanyika vilevile. Tulipoomba kanisani kwa ajili ya wajumbe, wako waliobaki wameketi. Mama mmoja wa kutoka Kivu, aliyempoteza mwanawe katika vita hiyo, alitungoja nje akatuuliza: “Wachungaji, hao wenzenu walipoketi na Nangaa, walimwuliza mwanangu yuko wapi?” Hatukuwa na jibu la kumpa mama huyo. Tumelifikiri swali lake kwa muda mrefu, na tunaona kwamba ni bora kuliko maswali yote tuliyosikia kwenye redio.

Kwanza tuwatendee haki wale wanaokataa mazungumzo. Si wajinga, wala si watu wapenda damu. Wanakumbuka jinsi waasi walivyozoea kupigana hadi waitwe mezani, wakapewa vyeo vya kanali na jenerali, halafu baada ya miaka michache wakarudi porini kudai zaidi. Jina lenyewe la M23 linatokana na tarehe ya mapatano, 23 Machi 2009, ambayo serikali ilitiliana sahihi na CNDP mjini Goma. Mtu aliyeona mapatano yakizaa vita ana haki ya kuogopa mapatano.

Lakini upande wa pili nao una sababu yake. Mwezi wa Desemba 2023, katika kampeni ya uchaguzi, Rais Tshisekedi alimfananisha Kagame na Hitler, akasema kwamba akichokozwa tena ataomba ruhusa ya bunge atangaze vita na kwenda hadi Kigali. Watu walipiga makofi sana. Mwaka mmoja na mwezi mmoja baadaye, Goma haikuwa mikononi mwa serikali tena. Na tarehe 18 Machi 2025 rais huyohuyo aliketi na Kagame mjini Doha, Katar. Hatusemi hayo ili kumcheka. Tunasema kwamba neno usaliti lilikuwa limetolewa kwa wengine mwezi mmoja tu kabla, kwa ajili ya kitendo cha namna hiyohiyo.

Hapa ndipo tunapoona tatizo la kweli. Wakubwa wakigombana juu ya adui, mara nyingi hawagombani juu ya adui. Wanagombana wao kwa wao, na adui ni fimbo iliyo karibu. Turudi mwaka 2009 kidogo, maana vijana wetu wengi hawajui habari hii. Mwezi wa Januari mwaka huo, askari wa Rwanda waliingia Kivu kwa makubaliano ya siri kati ya Kinshasa na Kigali, ati kuwafuata FDLR. Spika wa bunge wakati huo alikuwa Vital Kamerhe, mtu wa chama cha Rais Kabila mwenyewe. Alisema waziwazi kwenye Radio Okapi kwamba bunge halikuarifiwa, na kwamba ni jambo zito. Alisukumwa na watu wa chama chake hadi akajiuzulu mwezi wa Machi. Basi angalieni: hakulazimishwa kuondoka kwa sababu alikutana na adui. Aliondolewa kwa sababu aliuliza kwa nini wananchi hawakuambiwa. Na Kabila aliyefanya makubaliano yale, mwaka 2025 alikwenda Goma iliyokuwa chini ya M23, na mwezi wa Septemba mahakama ya kijeshi ikamhukumu kifo bila yeye kuwapo, na uhaini ukiwa mmoja wa makosa aliyoshtakiwa. Katika nchi yetu neno hili linamzunguka kila mmoja kwa zamu yake.

Wanafunzi wa Biblia wanajua kwamba si jambo geni. Yeremia aliwaambia watu wa Yerusalemu wakubali nira ya Babeli ili wapate kuishi. Hanania naye akatabiri ushindi wa haraka, akaivunja nira ya mti mbele ya watu wote, na bila shaka walifurahi kama watu wa kampeni. Yeremia alikamatwa langoni akashtakiwa kwamba anakwenda kujiunga na Wakaldayo, kisha wakuu wakamtupa katika shimo lenye matope. (Ndugu zetu wa Sudani Kusini hawachoki kutukumbusha kwamba aliyemtoa shimoni alikuwa Ebedmeleki Mkushi, na wana haki ya kujivuna.)

Lakini kuna habari nyingine ambayo sisi tunaipenda zaidi katika jambo hili, nayo haihubiriwi mara nyingi. Wakati wa Mfalme Hezekia, Waashuri walipoufikia Yerusalemu, mjumbe wao alisimama karibu na ukuta akaanza kutoa vitisho kwa lugha ya wenyeji. Wakuu wa Hezekia wakamsihi aseme Kiaramu, kwa maana wao walikielewa, asiseme lugha ya Kiyahudi masikioni mwa watu waliokuwa juu ya ukuta. Yule adui alikataa. Alijibu kwamba maneno yake ni ya watu wa ukutani pia, ndio watakaokufa kwa njaa na kiu katika mazingirwa. Alikuwa mtu mwovu mwenye nia ya kuwatia hofu, lakini juu ya jambo hilo moja alisema kweli kuliko wakuu wao wenyewe. Watu wa ukutani ni nani leo? Ni mama yule aliyetungoja nje ya kanisa.

Basi tunafikiri hivi. Kumwendea adui peke yake si usaliti, wala si utakatifu. Ni safari tu. Swali la kumwuliza aliyekwenda ni hili: ulimwambia nini kule, na je, ukirudi kwetu unatuambia neno hilohilo kwa lugha tunayoielewa? Mjumbe anayesema moja Kigali na lingine Kinshasa amesaliti, hata kama ametumwa kwa barua yenye muhuri wa serikali. Kiongozi anayepiga kelele za vita uwanjani huku watu wake wanatoa ardhi yetu usiku naye amesaliti, hata kama hajawahi kumpa adui mkono.

Mwalimu mmoja hapa Koboko, msomi mzuri, alitupinga. Alisema kwamba mapatano hayapikwi barazani, kwamba kila mazungumzo yanahitaji mlango uliofungwa, na kwamba hata Yeremia alipoongea kwa siri na Mfalme Sedekia hakuwafunulia wakuu yote waliyosema. Ni kweli, na pingamizi hili ni zito. Yeremia alificha mazungumzo ili asiuawe. Lakini ujumbe wake mwenyewe alikuwa amekwisha kuusema hadharani miaka mingi, na katika chumba cha mfalme hakusema ujumbe mwingine. Mlango ufungwe wakati watu wanabishana. Kitakachotolewa na kitakachopokelewa, hicho ni lazima kisomwe nje mlango ukifunguliwa, kabla ya kuanza kutekelezwa na si baada ya watu kuona askari wageni barabarani.

Nchi hii iliyotupokea ina mfano wake, na ni karibu hata kwa boda. Wazee wa Koboko wanakumbuka miaka ya 1990, wakati barabara za West Nile zilipoviziwa na waasi wa WNBF na UNRF II. Serikali ya Uganda iliweka sheria ya msamaha mwaka 2000, na mazungumzo na UNRF II ya Ali Bamuze yakaendelea hadi mkataba ukatiwa sahihi tarehe 24 Desemba 2002. Ulitiwa sahihi Yumbe. Si Ulaya, si hata Kampala, bali Yumbe, kati ya watu ambao watoto wao walikuwa porini na ambao magari yao yalikuwa yamechomwa. Mzee mmoja alituambia kwamba hadi leo hakubaliani na vitu walivyopewa waasi, na kwamba anamjua anayeuza sokoni ambaye zamani alivizia njia. “Lakini nilijua alipewa nini,” alisema. “Namsalimu nikitaka, nisipotaka sisalimu.” Tuliona kwamba hiyo ni amani ya watu wazima.

Pia uko mfano mchungu. Kati yetu wako waliotoka Faradje. Serikali ya Uganda ilizungumza na LRA mjini Juba kuanzia mwaka 2006, na Joseph Kony alijificha Garamba, katika ardhi ya Kongo, akijilisha na kungoja. Mwaka 2008 alikataa kutia sahihi. Tarehe 14 Desemba ndege zikampiga, na yeye akatoroka. Siku ya Krismasi watu wake waliingia Faradje, na hatuna haja ya kuwaeleza waliokuwepo. Waliozungumza hawakuwauliza watu wa Faradje, na walioamua kupiga mabomu hawakuwauliza pia, wala hawakuacha askari wa kutosha kuwalinda. Kwa hiyo tusikubali mtu atuambie kwamba mazungumzo huokoa siku zote, au kwamba vita huokoa. Watu wa Faradje walilipia vyote viwili.

Msifikiri kwamba ni sisi maskini tu tunaogombana hivi. Marekani yenyewe, mwezi wa Machi 2015, wakati serikali ya Obama ilipokuwa inazungumza na Irani juu ya nyuklia, maseneta 47 wa chama cha upinzani waliwaandikia viongozi wa Irani barua ya wazi kuwaonya kwamba mapatano hayo yanaweza kufutwa na rais ajaye. Mapatano yalifanyika Julai 2015, na rais aliyefuata akajitoa mwezi wa Mei 2018. Tarehe 22 Juni 2025 Marekani ikapiga mabomu vituo vya nyuklia vya Irani. Siku tano baadaye, huko Washington, mawaziri wa Kongo na Rwanda wakatia sahihi mkataba wao mbele ya serikali hiyohiyo. Sisi ambao urani ya Shinkolobwe yetu ilitumika kutengeneza bomu la Hiroshima, tunayo sababu ya kuuliza mkataba unaotegemea uchaguzi wa watu wengine utadumu miaka mingapi.

Tarehe 4 Desemba 2025 marais wawili nao walitia sahihi Washington. Kabla ya wiki kwisha M23 walikuwa wameingia Uvira. Wale waliobaki wameketi kanisani walituangalia, na hatuwalaumu. Hata hivyo hatujaacha kuwaombea wanaozungumza, ila sasa tunaomba kwa maneno mengine: kwamba waulize juu ya wafu, na kwamba wakirudi waseme walichojibiwa, hata kama walijibiwa kwa kunyamaza.

Mkataba wa tarehe 27 Juni umetufikia kwa Kiingereza. Hapa kambini hatujaona nakala ya Kiswahili. Ndugu wawili wa kwaya wameanza kuutafsiri kwa mkono, wakianza na sehemu inayohusu wakimbizi kurudi makwao, kwa sababu hiyo ndiyo inatugusa. Watausoma baada ya ibada, Kiswahili kwanza, kisha Kilingala na Kikakwa. Wenye hasira nao waje, na mama yule ameomba akae mbele kwa sababu masikio yake hayasikii vizuri.