Ukingo wa Paa

Tumezika watu wengi walioanguka ghafla kwa mshtuko wa moyo, na karibu kila msiba umetuletea maneno ya aina mbili. Ya kwanza husemwa kwa sauti mbele ya jeneza: siku zake zilikuwa zimetimia, kazi ya Mungu haina makosa. Ya pili hunong'onwa pembeni wakati wa chakula: lakini naye alijitakia, aliambiwa aache sigara, aliambiwa apunguze mwili, hakusikia.

Maneno ya kwanza yanaonekana kumpa Mungu utukufu, na ya pili yanaonekana kuwa ukweli mtupu. Hata hivyo yote mawili yana kasoro moja: yanatuondolea mzigo sisi tuliobaki. Kama ni siku tu zilizotimia, hatuna la kufanya. Kama marehemu alijitakia, hatuna la kujiuliza. Katika makala haya tunataka kuuliza kama mwamini ana ruhusa ya kusema lolote kati ya hayo, na kama hana, amebakiwa na wajibu gani.

Kwanza tuuelewe ugonjwa wenyewe. Moyo ni msuli, na kama msuli wowote unahitaji damu ya kuulisha. Damu hiyo huufikia kwa mishipa myembamba inayouzunguka. Kwa miaka mingi mafuta hujikusanya ndani ya kuta za mishipa hiyo, polepole na bila maumivu. Siku moja utando uliofunika mafuta hayo hupasuka, damu huganda juu yake, njia huziba, na sehemu ya msuli wa moyo huanza kufa. Sisi tunaona asubuhi ile moja tu. Ugonjwa wenyewe umekuwa njiani pengine miaka thelathini.

Hali zinazouharakisha ugonjwa huu ndizo wataalamu wanaziita vihatarishi. Elimu hii si ya zamani sana. Rais Franklin Roosevelt wa Marekani alifariki tarehe 12 Aprili 1945 kwa kuvuja damu ubongoni. Siku hiyo daktari wake alipima presha yake akakuta 300 kwa 190, na kwa miaka kadhaa kabla yake ilikuwa imepanda waziwazi. Lakini wakati huo madaktari wengi waliamini kwamba presha kupanda mtu anapozeeka ni jambo la kawaida, hata la lazima. Mtu mwenye waganga wa kila aina alikufa kwa kitu ambacho leo muuguzi wa zahanati angekishtukia.

Mwaka 1948 watafiti walikwenda katika mji mdogo wa Framingham, jimbo la Massachusetts, wakawaandikisha wanaume na wanawake 5,209 wenye umri wa miaka 30 hadi 62. Hawakuwangojea waugue. Waliwapima kila baada ya miaka miwili, wakaandika nani anavuta sigara, nani ana presha, nani ana lehemu nyingi katika damu, kisha wakasubiri kuona nani ataugua moyo. Kufikia mwaka 1961 walikuwa na ushahidi wa kutosha kuonyesha kwamba presha na lehemu vilitangulia ugonjwa. Baadaye orodha ikakua: sigara, kisukari, unene, kukaa bila kuushughulisha mwili.

Mtu angeweza kusema hayo ni ya Wazungu na matajiri wao. Utafiti ulioitwa INTERHEART, uliotolewa mwaka 2004 baada ya kukusanya habari katika nchi 52, zikiwemo za Afrika, ulikuta kwamba vihatarishi vilevile tisa vinaeleza sehemu kubwa ya mishtuko ya moyo kila mahali, na kimojawapo ni msongo wa mawazo. Leo zaidi ya robo tatu ya vifo vya magonjwa ya moyo na mishipa hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Ugonjwa huu umehamia kwetu, na unaketi nasi kwenye mabenchi ya kanisa.

Basi yale maneno ya kwanza hayasimami. Ni kweli kwamba siku zetu zimo mikononi mwa Mungu. Lakini tunaposema hivyo juu ya barabara mbovu inayoua watoto wa shule, kila mtu huona kwamba tunakwepa. Presha isiyopimwa ni barabara mbovu ya ndani ya mwili. Mfalme Hezekia alipougua hadi kukaribia kufa, aliomba kwa machozi, na Mungu akamwongezea miaka 15. Hata hivyo nabii Isaya aliagiza andazi la tini libandikwe juu ya jipu lake. Ahadi ilikuwa imekwisha kutolewa, na bado dawa ilitumika. Hezekia hakuona kwamba tini zinamtukana Mungu. Kwa hiyo anayetupa vidonge vya presha kwa sababu ameombewa hajamzidi Hezekia imani. Aendelee kuombewa, aendelee kumeza vidonge, na akienda kupimwa, vipimo vitasema.

Lakini maneno ya pili ndiyo tunayopaswa kuyaogopa zaidi, kwa sababu yamevaa vazi la elimu. Kihatarishi si hukumu. Kinatueleza habari za kundi kwa uhakika, na habari za mtu mmoja kwa kukisia tu. Kati ya wavuta sigara 1,000 wataugua wengi zaidi kuliko kati ya watu 1,000 wasiovuta. Lakini yupo mzee aliyevuta tangu ujana akafika miaka 90, na yupo mwalimu asiyegusa sigara wala pombe aliyeanguka akiwa na miaka 45. Tena baadhi ya vihatarishi hakuna aliyevichagua: umri, kuwa mwanamume, kuzaliwa katika ukoo ambao baba na wajomba walikufa mapema kwa moyo. Na vile vinavyoitwa vya kuchagua, je, vyote vimechaguliwa? Mlinzi anayekesha usiku na kula kinachouzwa getini alfajiri, mama anayebeba madeni ya nyumba nzima kifuani, mzee ambaye mwezi huu hana fedha ya dawa: nani kati yao tutamwambia alijitakia?

Bwana Yesu aliletewa swali hili zaidi ya mara moja. Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu walitaka kujua ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, na Yesu akayakataa yote mawili. Alipozungumzia watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alikana kwamba walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Kisha akawageuzia wasikilizaji wenyewe wito wa toba. Tuangalie mpangilio huo. Kifo cha mwingine hakikuwa nafasi ya kumhukumu marehemu, kilikuwa nafasi ya walio hai kujitazama.

Tujitazame wapi hasa? Torati ina sheria ndogo ambayo hatuisikii sana mimbarani, katika Kumbukumbu la Torati 22:8. Nyumba za Israeli zilikuwa na mapaa bapa ambako watu walipumzika, walianika vitu na hata kulala. Mungu aliagiza kwamba anayejenga nyumba mpya azungushe ukingo juu ya paa, asije akaleta hatia ya damu nyumbani mwake mtu akianguka. Sheria hii haimzungumzii anayeanguka. Haiulizi kama alikuwa mzembe, kama alikunywa, kama alionywa. Inamzungumzia mwenye nyumba, na inamwambia: watu wataanguka, wewe jenga ukingo.

Hapa ndipo elimu ya vihatarishi na Neno la Mungu vinapokutana. Mwaka 1985 daktari mmoja wa London, Geoffrey Rose, alieleza jambo linaloshangaza: watu wengi wenye hatari ndogo wanaweza kutoa wagonjwa wengi kuliko watu wachache wenye hatari kubwa. Maana yake ni kwamba haitoshi kumnyoshea kidole mnene mmoja wa kwaya. Chakula cha wote kikipungua chumvi kidogo, na wote wakitembea kidogo zaidi, watu wengi wataokoka ambao hatutawajua kamwe kwa majina, na wao wenyewe hawatajua.

Na nyumba ya Mungu ni nyumba yenye paa. Sisi ndio tunaopanga chai ya baada ya ibada, yenye sukari vijiko vitatu na maandazi ya kukaanga. Sisi ndio tunaoona aibu harusi ikiandaliwa maji badala ya kreti za soda. Sisi ndio tunaoweka kijiko cha chumvi mezani, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5, kama kijiko kimoja cha chai, kwa siku nzima, pamoja na ile ya jikoni. Ukingo wetu unaweza kuwa mashine moja ya kupimia presha inayoshikwa na muuguzi mshirika kila Jumapili ya kwanza ya mwezi. Unaweza kuwa mfuko wa dawa kwa wazee, kama tulivyo na mfuko wa rambirambi. Tunachanga haraka sana kwa ajili ya jeneza. Vidonge vya mwezi mmoja vingeligharimu kanisa kidogo kuliko turubai na viti vya msiba.

Wengine watahofia kwamba tunaleta sheria mpya, kwamba kesho tutakuwa Mafarisayo wa sahani, tukihesabu maandazi ya jirani. Hofu hiyo ni ya haki. Paulo aliwaonya Warumi wasihukumiane kwa ajili ya chakula, na onyo hilo linatuhusu. Lakini ukingo ni kitu tofauti na amri. Haumwambii mtu asipande juu. Unamlinda aliyepanda. Kwa hiyo tusimpime ndugu yetu kwa macho anapojipakulia. Tuweke matunda mezani, tumsindikize kliniki, tutembee naye kwa miguu kwenda kwenye ibada ya jumuiya. Anayejitahidi kuacha sigara tumtie moyo kwa habari njema ambayo ni ya kweli: mwaka mmoja baada ya kuacha, hatari yake ya ugonjwa huu hushuka hadi karibu nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta.

Hata tukifanya yote hayo, tutazika tena. Ukingo hupunguza maanguko, hauyamalizi, na hatukuahidiwa kwamba mwili huu hautachoka. Siku hiyo tutakuwa na haki ya kusema kwamba maisha ya ndugu yetu yalikuwa mikononi mwa Mungu, kwa sababu hatutakuwa tukiyasema maneno hayo ili kuficha mikono yetu wenyewe. Na tukisikia mtu ananong'ona kwamba marehemu alijitakia, tumwulize kwa upole: sisi tulimjengea nini?