Jina Langu Katika Daftari la Bibi



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu wanafunzi, hivi karibuni tulimzika bibi yangu, mzaa mama, kule Muyinga. Alikuwa amevuka miaka 80. Kabla ya kuswaliwa, mjomba alisimama mbele ya jeneza akatangaza kama ilivyo ada: mwenye kumdai marehemu ajitokeze, warithi tutalipa. Watu wakanyamaza. Mimi nilikuwa safu ya pili, nimeinamisha kichwa. Aliyekuwa na deni siku ile hakuwa bibi.

Bibi alizaliwa Muyinga, akaolewa Gitega, na huko, katika mtaa wa Waswahili, alitunza maktaba ya madrasa kwa zaidi ya miaka 30. Nikisema maktaba msifikirie hii yetu ya chuo. Kilikuwa chumba kimoja chenye makabati mawili na mkeka. Vitabu vingi vilitoka Tanzania, vikapita mpaka wa Kobero katikati ya mizigo ya wafanyabiashara. Kilichopendwa kuliko vyote ni Qurani Takatifu ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, tafsiri iliyotoka kamili mwaka 1969. Sisi tunaosoma shule kwa Kifaransa, mwenzenu nilielewa nini ninachokisoma katika swala kwa kupitia kitabu kile.

Bibi hakusomea ukutubi popote. Alikuwa na daftari. Jina, kitabu, siku ya kuchukua. Kikirudi, anapiga mstari mwekundu. Kisiporudi anakufuata nyumbani, na akikukosa nyumbani atakupata sokoni. Yuko aliyedaiwa kitabu siku ya harusi yake mwenyewe, mbele ya wakwe. Hapo nadhani alizidisha.

Lakini aliwahi kutueleza kwa nini. Alipenda sana habari ya mama yetu Hafsa, binti wa Umar (r.a.). Kurasa za Qur'ani zilizokusanywa na Zaid bin Thabit zilikuwa kwa Abu Bakr, kisha kwa Umar, kisha zikabaki kwa Hafsa. Uthman alipotaka kuandika misahafu ya kupeleka mijini, hakutuma askari kwenda kuzichukua. Aliomba kuazima, akaahidi kurudisha, na nakala zilipokwisha akarudisha. Bibi alikuwa akisimulia hivyo, kisha anatutazama mmoja mmoja: khalifa wa Waislamu wote ameazima kitabu kwa mwanamke, na amekirudisha. Wewe ni nani?

Nilipopata nafasi ya chuo, nilichukua ile Qurani Takatifu. Aliniandika kama anavyomwandika mtu yeyote. Mwaka ukapita, akaniuliza kwa simu. Nilikuwa nimekizoea kitabu, nimeandika pembeni mwa kurasa zake, sikutaka kuachana nacho. Nikamwambia kimepotea. Kilikuwa mezani mbele yangu.

Alinyamaza kidogo, akasema, "Mjukuu wangu, kingekuwa changu ningekusamehe sasa hivi. Ni waqfu hicho." Nikaona ni ukali wake wa siku zote. Baadaye ndipo nilisoma sawasawa habari ya shamba la Umar kule Khaybar, kwamba mali iliyowekwa waqfu haiuzwi, haitolewi zawadi, hairithiwi. Bibi hakuwa na uwezo wa kunisamehe hata kama angetaka, na alitaka.

Miguu ilipomchosha alirudi Muyinga kukaa kwa mjomba. Likizo moja nilimpeleka kuona maktaba iliyojengwa pale mwaka 2012 kwa ajili ya watoto viziwi. Kuta zake ni za matofali ya udongo ulioshindiliwa, na ndani umetandazwa wavu mkubwa wa kamba za katani, watoto hulala juu yake na kusoma. Bibi alipapasa ukuta kwa muda mrefu. Alisema watoto hawa hawasikii adhana, basi kitabu ndicho mwadhini wao. Halafu akauliza daftari la kuazimia analo nani.

Njiani kurudi, ameshika mkono wangu, akasema taratibu, "Na kile cha Farsy, hakijaonekana?"

Nikasema, "Bado, bibi."

Hilo ndilo nililokuwa nalo kichwani pale kwenye jeneza.

Baada ya maziko mama alifungua daftari. Tulilipitia pamoja mpaka tukafika kwenye jina langu. Lilikuwa na mstari mwekundu. Pembeni, kwa mwandiko wake unaotetemeka, alikuwa ameandika kwamba amenunua kingine badala ya kilichopotea, na bei yake kwa faranga. Ni pesa za maandazi aliyokuwa akiuza barazani.

Mnajua habari ya Abu Qatada. Ililetwa maiti, Mtume (s.a.w.) akauliza kama ana deni, akaambiwa analo, akawaambia masahaba wamswalie wao. Abu Qatada akasema deni lile liko juu yake, ndipo Mtume akaswali. Abu Qatada alimbebea maiti. Bibi alimbebea mtu mzima mwenye afya, anayemdanganya.

Nilimweleza mama yote. Alikaa kimya, kisha akasema nimuulize ustadhi. Ustadhi hakunipamba. Alisema istighfari peke yake haitoshi kwenye haki ya mtu: kitabu kirudi Gitega kwenye waqfu wake, na pesa aliyolipa bibi ni ya warithi, niwape au waniachie kwa ridhaa yao. Wajomba waliniachia. Mama hakuniachia. Alisema nitalipa fungu lake mpaka faranga ya mwisho, na sasa ninalipa kila mwezi.

Ijumaa iliyofuata nilipanda gari la abiria, nikapita Karuzi mpaka Gitega, kitabu kikiwa mapajani. Anayetunza makabati sasa ni binti mdogo aliyefundishwa na bibi. Alifungua kurasa, akaona maandishi yangu pembeni, akanitazama jicho lile lile. Akaandika tarehe.

Ewe Mola, mghufirie bibi yetu, lipanulie nafasi kaburi lake, na kila anayesoma katika vitabu alivyovilinda umwandikie fungu lake. Amin.