Lipieni Kipimo Kabla ya Gesi

Wajukuu zangu wa Nkololo, mlioshika spana na mlioshika usukani, nawasemesha pamoja kwa sababu kosa ni moja na mnalifanya mkisaidiana. Kiangazi kimekolea, vioo vimepandishwa kwa ajili ya vumbi, AC inapuliza joto. Mwenye gari anafika gereji, hata injini hajazima, anasema: "Fundi, gesi imeisha, niongezee." Fundi anamwongezea. Hakuna aliyeuliza gesi ilikwenda wapi, wala kama kweli ilikwenda. Siku chache baadaye joto ni lilelile, na wote wawili wanashangaa kana kwamba jambo hili halijawahi kutokea duniani.

Mpishi anayeijua kazi yake haongezi chumvi kabla ya kuonja mchuzi.

Siwalaumu sana. Jua la Bariadi la saa nane mchana halimpi mtu subira, na gesi ni kitu cha kuonekana: mtungi upo, mpira upo, hela inatoka ikiwa na sababu. Kupima hakuonekani. Fundi akikaa na mita mpaka jasho limkauke, akagundua waya mmoja umekatika, akauunga, mwenye gari anamaka: "Waya tu ndiyo hela yote hiyo?" Fundi naye ana watoto wanaosubiri ugali. Kesho yake atauza gesi. Ndivyo uongo unavyoingia gereji bila mtu yeyote kukusudia kuwa mwongo.

Sasa tulieni niwaeleze. Puli ya kompresa huzungushwa na mkanda wa injini muda wote, lakini kompresa yenyewe haifanyi kazi mpaka klachi yake ikamate, na klachi hiyo ni sumaku ya umeme. Umeme unatoka kwenye betri, unapita fyuzi, unapita rilei, ndipo unaifikia klachi. Katika magari mengi ya siku hizi ruhusa inatolewa na kompyuta, baada ya kupata habari za swichi ya presha na za sensa inayozuia barafu ndani ya dashibodi. Kituo kimoja kikigoma, hakuna ubaridi, hata kama gesi imejaa tele.

Kwa hiyo injini ikiwa inaunguruma, washeni feni ya ndani, washeni AC, kisha sikilizeni. Klachi ikikamata husikika "tak". Ikilia tak na ubaridi haupo, hapo maneno ya gesi yana nafasi. Isipolia, ufuateni umeme kwanza.

Anzieni kwenye fyuzi. Ya ampia 10 ni nyekundu, ya 15 ni ya bluu, ya 20 ni ya njano, na rangi hizo hazikuwekwa kwa urembo. Kamba hukatikia pembamba, na fyuzi ni pembamba palipowekwa makusudi ili waya wote usiungue. Ukiweka ya 30 palipotakiwa 10, au ukaziba kwa kipande cha waya, umehamisha pembamba pale usipopajua. Moto utachagua wenyewe pa kuanzia.

Fyuzi ikiwa nzima, ibadilisheni rilei kwa muda na ya aina ileile, mara nyingi ya honi inafaa. Kisha pimeni kwenye plagi ya klachi. Injini ikizunguka, betri husoma kama volti 13.5 hadi 14.5. Volti hizo zikifika kwenye klachi na klachi haivuti, koili imekufa au waya wa athi umelegea kwenye bodi. Koili nzima husoma kama omu 3 hadi 5. Iliyokatika haisomi kitu. Volti zisipofika, rudini nyuma kituo kwa kituo. Na msiwasahau panya: gari linalolala karibu na ghala la pamba au mpunga huwapa makazi, nao hutafuna waya.

Kuna ugonjwa mmoja unaowapoteza wengi. Asubuhi AC inapoza vizuri, mchana inaacha, jioni inarudi. Watu husema gesi imepungua, kana kwamba gesi hurudi yenyewe jioni. Mara nyingi ni klachi iliyolika, nafasi kati ya sahani na puli ikapanuka kupita nusu milimita na ushei inayokubalika. Koili ikipata moto, ukinzani wake unapanda, sumaku inadhoofika, inashindwa kuivuta sahani ya mbali. Dawa yake ni kurekebisha nafasi. Na AC inayopoza gari likikimbia lakini ikaacha likisimama mnadani, tazameni kwanza feni ya mbele kama inazunguka.

Swichi ya presha ndiyo inayoonewa zaidi. Presha ikishuka kufika bar 2 hivi, inakata umeme wa klachi, kwa sababu mafuta ya kompresa husafiri pamoja na gesi. Fundi mwenye haraka anaiunganisha waya kwa waya, tak inasikika, mteja anacheka, hela inalipwa. Kompresa inazunguka kavu. Vyuma vinasagana, unga wa chuma unatapakaa kwenye mabomba, na siku kompresa ikikwama inaunguza mkanda. Kwenye magari ambayo mkanda huohuo unazungusha jenereta na pampu ya maji, safari imeishia hapo, iwe njia ya Lamadi au ya Maswa, abiria wakiwa ndani. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu ni bei ya kompresa nzima.

Gesi yenyewe haipotei bure. R134a, ambayo ipo katika magari mengi tuliyoyapokea kutoka Japani, huipasha dunia joto zaidi ya mara 1,000 ya uzito uleule wa hewa ya ukaa katika miaka 100. Ndiyo maana mwaka 2016 mataifa yalikutana Kigali, hapa jirani, yakakubaliana kupunguza gesi za jamii hiyo. Kujaza juu ya tundu ni kuuza ukame kwa wakulima wa pamba, tena kwa hela zao wenyewe.

Basi fanyeni hivi. Mwenye gari, kubali kulipia kipimo hata kama kilichopatikana ni waya wa shilingi mia tano. Unalipia akili iliyokuokolea kompresa. Fundi, taja bei ya kupima kabla hujafungua boneti, andika ulichosoma kwenye mita, mwonyeshe mwenye gari. Tundu likipatikana, lizibwe kwanza, gesi ifuate. Mtakosea tena, najua, maana joto ni joto na haraka ni ya binadamu. Mkikosea, rudini kwenye fyuzi mwanze upya.