Meza Sawa, Safari Mbalimbali

Mjukuu wangu, mwanafunzi wa kidato cha tano, alinijia likizo iliyopita na swali ambalo hakujua kwamba limenikalia moyoni kwa miaka mingi. Anajiandaa kwa mashindano ya wanafunzi ya kuandika programu za kompyuta. Siku hiyo alikuwa barazani akisoma kanuni za Olimpiadi ya Kimataifa ya Infomatiki, ambazo mashindano yake huzifuata kwa kiasi kikubwa. Akaniuliza:

"Babu, kanuni zinamruhusu mshindani kuja na kibodi yake mwenyewe, ilimradi ikaguliwe kwanza. Mimi ninayo nzuri aliyoninunulia baba. Wenzangu watatu hawana. Je, ni haki niende nayo?"

Nikamwomba anipe siku mbili nifikiri. Mzee anapoomba siku mbili, si lazima iwe kwamba hana jibu. Huenda jibu analo, ila linamgusa mahali panapouma.

Kwa msomaji asiyeyajua mashindano haya, hapana budi nieleze kidogo. Olimpiadi hiyo ilianza mwaka 1989 katika mji wa Pravetz, Bulgaria, kwa nchi 13 tu. Bara letu limeipokea Cape Town mwaka 1997, Misri mwaka 2008, na tena Misri, mjini Alexandria, mwaka 2024. Kila mwanafunzi hukaa peke yake mbele ya kompyuta kwa siku mbili za mashindano, kila siku kwa muda wa saa 5. Hupewa mafumbo machache. Pengine ni kutafuta njia fupi kuliko zote kati ya miji mingi, au kugawa mizigo kwa namna isiyopoteza kitu. Anapopata njia ya kulifumbua fumbo, huiandika kama maagizo ya kompyuta ndani ya kihariri, yaani programu ya kuandikia na kusahihishia, ambayo kwake ni daftari, kalamu na kifutio kwa pamoja. Akimaliza, huituma kazi yake kwenye mashine ya kuhukumu. Mashine hiyo huijaribu kwa maswali ambayo mwanafunzi hajayaona, tena ndani ya kipimo cha muda na cha kumbukumbu. Njia iliyo sahihi lakini ya kobe haipati alama zote.

Waandaaji hujitahidi sana katika jambo la usawa. Kompyuta za ukumbini huwa za namna moja. Vihariri huwekwa vilevile katika kila mashine: Vim, Emacs, Visual Studio Code na vinginevyo, kila mtu achague alichokizoea. Intaneti hufungwa. Hata hizi akili bandia za siku hizi, zinazommalizia mwandishi sentensi kabla yeye mwenyewe hajaiwaza, hubaki nje ya mlango. Na kubwa kuliko yote, mashine ya kuhukumu haina macho. Haijui kazi iliyoletwa iliandikwa kwa kihariri gani, kwa vidole vya haraka au vya kusitasita, na mtoto wa nani. Sisi walimu tunalijua jambo hili. Ndiyo maana karatasi ya mtihani wa taifa huandikwa namba, haiandikwi jina.

Usawa huu siudharau hata kidogo. Nimekuwa mkuu wa shule ya sekondari, kisha mkufunzi na mkuu wa chuo cha ualimu, na nimeona yanayotokea mahali ambapo msahihishaji anajua jina. Meza iliyo sawa ni heshima kwa mtoto. Inamwambia: hapa hatutakuuliza ulikotoka. Lakini swali langu ndilo hilohilo. Je, kutokumuuliza mtu alikotoka ni sawa na kumtendea haki?

Sasa niseme lililo langu.

Mwaka 2006 chuo chetu kilipata kompyuta 10 zilizokwisha kutumika mahali pengine. Tulizipokea kwa ngoma. Niliziweka katika chumba kimoja, nikatia nondo madirishani na kufuli mlangoni, na ufunguo nikauweka mfukoni mwangu. Niliogopa wizi, niliogopa vumbi, na, nikisema kweli, niliogopa kuulizwa na wakubwa wangu iwapo kingepotea chochote. Wanachuo waliingia vipindi viwili kwa wiki, wanne wanne kwa kila mashine. Kipindi kikiisha, nafunga.

Mwaka uliofuata tulitakiwa kuchagua mwanachuo mmoja wa kwenda kwenye mafunzo ya kuandika programu, ambayo yangemalizika kwa mashindano madogo. Nikaandaa jaribio. Kila mmoja alipewa kompyuta yake, fumbo lilikuwa moja, muda saa moja. Nilijivunia sana mpango huo. Nilisimama mbele na saa yangu ya mkononi kama refa.

Alikuwapo kijana mmoja ambaye baba yake alikuwa na duka la steshenari mjini, lenye kompyuta mbili za kuchapia barua za watu. Alikuwapo pia binti mmoja aliyetoka kijiji kisicho na umeme, hodari wa hisabati kuliko darasa zima. Binti yule alichukua karatasi, na kwa muda wa dakika ishirini hivi akawa ameandika njia yake yote kwa penseli, hatua kwa hatua. Kisha akaigeukia kibodi. Akaanza kutafuta herufi mojamoja kwa kidole kimoja, kama mtu anayechagua mawe kwenye mchele. Akikosea nukta, hajui pa kuirekebisha. Akigusa kitufe kisicho chake, mistari inatoweka, naye anaanza upya. Saa ilipotimia alikuwa hajafika nusu. Kijana wa steshenari alikuwa amemaliza, kwa njia ndefu na nzito, lakini iliyofanya kazi.

Nikamtangaza kijana. Nikawaambia wote, "Kompyuta zilikuwa sawa, muda ulikuwa sawa, fumbo lilikuwa moja. Hakuna wa kulalamika."

Jioni binti alikuja ofisini na karatasi yake mkononi. Akaniamkia vizuri, akasema, "Samahani Mkuu, nina swali moja tu. Nilishindwa kufikiri, au nilishindwa kuchapa?"

Nikamjibu kwamba sheria ni sheria. Akasema, "Asante Mkuu," akaondoka. Baadaye niliisoma ile karatasi, kwani alikuwa ameiacha mezani. Njia yake ilikuwa sahihi, na ilikuwa fupi kuliko ya kijana. Sikubadilisha uamuzi. Nilijiambia kuwa matokeo yaliyokwisha kutangazwa hayatanguliwi, la sivyo mkuu hatakuwa na neno.

Msomaji, nimelitafakari jambo hili kwa zaidi ya miaka kumi na mitano, na kosa langu silioni penye jaribio. Jaribio lilikuwa sawa. Kosa lilikuwa mfukoni mwangu. Kijana yule alikuwa na miaka mitano ya kuchapa barua katika duka la baba yake. Binti yule alikuwa na vipindi viwili kwa wiki, robo ya mashine, na kufuli. Niliwapa meza iliyo sawa kwa saa moja, baada ya kuwanyima wasio na kitu muda wao wote uliotangulia. Kisha nikauita usawa wa saa ile moja kwa jina la haki.

Wapo watakaonipinga kwa methali: mchagua jembe si mkulima. Watasema mwenye akili atashinda kwa chombo chochote, na kulalamikia kibodi ni visingizio vya wavivu. Methali hiyo naipenda, na nimewafundishia wengi. Lakini itazame vizuri. Inamsema anayechagua jembe, yaani aliye na majembe ya kuchagua. Asiye na jembe kabisa haimhusu. Kwake yeye ipo nyingine: fimbo ya mbali haiui nyoka. Kompyuta iliyofungiwa chumbani ni fimbo ya mbali, hata kama umbali wenyewe ni hatua thelathini tu kutoka bwenini.

Wengine humtaja Abebe Bikila wa Ethiopia, aliyeshinda mbio za marathoni mjini Roma mwaka 1960 akiwa miguu mitupu. Ni kweli, na ni fahari yetu. Lakini watu humkumbuka Bikila wa Roma wakamsahau Bikila wa Tokyo. Mwaka 1964 alikimbia akiwa na viatu, akashinda tena, tena kwa muda bora kuliko ule wa kwanza. Shujaa aliyeshinda bila viatu hakukataa viatu alipovipata. Ni sisi watazamaji tunaopenda kuifanya miguu mitupu kuwa somo, maana somo hilo halitugharimu kiatu hata kimoja.

Hata hivyo, sitaki msomaji adhani kwamba uchache wa vyombo ni laana tupu. Katika mashindano ya vyuo vikuu yaitwayo ICPC, ambayo fainali yake ya kwanza ilifanyika mwaka 1977, wanafunzi watatu hutumia kompyuta moja tu kwa saa 5. Mmoja anachapa, wawili wanafikiri kwa karatasi, wanasoma kazi ya mwenzao na kumwonyesha kosa. Hapo kugawana mashine ni sehemu ya fundisho lenyewe, na wenye kasi ya vidole hulazimika kuwasubiri wenye kasi ya akili. Lakini tofauti ni hii: pale uchache umewekwa kwa wote, kwa makusudi, na wote wanajua. Uchache wa chuoni kwangu uliwekwa na hofu yangu, na uliwaangukia baadhi tu.

Mjukuu wangu alinionyesha pia kihariri anachokitumia, hicho Vim. Nikashangaa kuona kwamba mtu hukiendesha kwa herufi: h kwenda kushoto, j kushuka, k kupanda, l kwenda kulia. Sababu yake ni ya zamani. Kihariri kilichokitangulia, vi, kilitengenezwa mwaka 1976 na Bill Joy kule Berkeley, Marekani, na mashine aliyoitumia ilikuwa na mishale iliyochorwa juu ya herufi hizohizo. Mawasiliano yalikuwa ya polepole mno, kwa hiyo amri zikafupishwa hadi herufi moja. Leo mtoto mwenye kompyuta yenye kasi ajabu bado anatembeza vidole vyake katika njia iliyochongwa na uhaba wa mtu mwingine.

Lakini lililonigusa zaidi ni habari ya Vim yenyewe. Aliyeitengeneza, Bram Moolenaar wa Uholanzi, aliitoa kwa watu mwaka 1991. Mwaka 1994 alikwenda Kibaale, kusini mwa Uganda, akafanya kazi ya maji na usafi katika kituo cha watoto. Eneo hilo lilikuwa limejaa yatima wa UKIMWI. Aliporudi kwao hakuifanya programu yake kuwa bidhaa ya kuuza. Aliendelea kuigawa bure, na anayetaka kushukuru akaombwa awasaidie watoto wale. Kwa miaka mingi ukurasa wa kwanza wa Vim ukabeba ombi hilo kwa Kiingereza, la kuwasaidia watoto maskini wa Uganda. Moolenaar alifariki mwezi Agosti mwaka 2023.

Niliufikiria ukumbi wa mashindano: mamia ya vijana hodari wa dunia, mbele yao chombo ambacho hawakukilipia hata senti, na juu yake jina la jirani yetu. Yule bwana alikuwa na chombo, akaona wasio nacho, akafungua. Mimi nilikuwa na chombo, nikaona wasio nacho, nikafunga.

Mwaka mmoja kabla sijastaafu niliutoa ule ufunguo, nikamkabidhi kiranja wa wanachuo pamoja na daftari la zamu. Chumba kikawa wazi kila jioni mpaka saa nne usiku. Walikaa watatu kwa kila mashine, mmoja akichapa na wawili wakimsahihisha, bila yeyote kati yetu kujua kwamba kuna mashindano makubwa yanayofanya hivyohivyo. Mwaka ulipokwisha tulihesabu mali. Kipanya kimoja kilikuwa kimepotea. Hiyo ndiyo hasara yote niliyokuwa nikiilinda kwa kufuli. Lakini yule binti alikuwa amekwisha kuhitimu na kwenda kufundisha, na sikuwahi kumwomba radhi. Alistahili jibu, naye nampa hapa: Mwalimu, hukushindwa kufikiri. Ulishindwa kuchapa, na aliyekushindisha ni mimi.

Siku ya pili jioni nilimwita mjukuu wangu barazani.

"Nenda na kibodi yako," nikamwambia. "Kanuni zinaruhusu, na kujinyima kwako ukumbini hakutampa mwenzako kitu. Siku ya mashindano imechelewa kwa haki. Pale kuna usawa tu. Ila niambie, kati ya leo na siku hiyo zimebaki wiki ngapi?"

"Tisa, Babu."

"Na kibodi hiyo, jioni huwa iko wapi?"

Alinyamaza kidogo. "Chumbani kwangu."

"Umefunga mlango?"

Akacheka, kisha akaacha kucheka. Jumamosi iliyofuata wale wenzake watatu walikuja nyumbani. Mimi nilikaa nje nikiwasikia wakibishana juu ya nukta iliyokosewa, na sauti ya vitufe ikipokezana kutoka mkono mmoja hadi mwingine.