Karafuu za Nini?

Bibi yangu ana sheria moja kuhusu vifuko vya kunukiza nguo: havitiwi kwenye nguo chafu wala mbichi. Kwanza fua, anika, hakikisha hata mapindo yamekauka, kunja, ndipo uweke kifuko. Ukitia harufu nzuri juu ya unyevu, anasema, utapata uvundo uliojipaka manukato.

Nimeifikiria sana sheria hii, kwa sababu kwa mwaka mmoja na miezi miwili nilikuwa naivunja mbele yake na yeye hajui.

Niliacha chuo nikiwa mwaka wa tatu. Karo ilinishinda, na kusema kweli hamu ilikuwa imekwisha kabla ya pesa. Nikabaki Nairobi naandika makala za watu, leo kazi ipo, kesho hakuna. Bibi yuko Mombasa, Mji wa Kale. Akipiga simu lazima aulize, "Masomo vipi, mwanangu?" Nami najibu, "Yaenda vizuri, bibi." Basi. Ni mzee, ana presha. Nilijiambia namlinda.

Sasa, kwenye droo ya chini ya kabati lake kuna kitambaa cha sufu cha rangi ya kijivu. Alikinunua Barabara ya Biashara nilipopata barua ya kuitwa chuoni. Ni cha suti ya mahafali yangu. Na sufu ina adui, nondo. Nondo mwenyewe hali nguo. Wanaokula ni viwavi wanaotoka kwenye mayai yake, na wanapenda zaidi nguo yenye jasho au doa la chakula. Ndiyo maana bibi hakuacha kitambaa kile kikae hivi hivi. Kila baada ya miezi mitatu, minne, alikitoa, akakikung'uta, akakianika, kisha akashona vifuko vipya.

Nilipokwenda kumtembelea sikukuu ya Idd nilimkuta na sindano mkononi, uzi haupiti tunduni. Macho yamepungua. Nikamtungia uzi, halafu nikaona aibu kukaa tu, nikasema nifundishe.

Kazi yenyewe si ngumu. Unachukua leso kuukuu, ile iliyofuliwa mpaka imelainika, maana pamba hupitisha harufu. Unakata vipande viwili vya ukubwa wa kiganja, unashona pande tatu kwa ndani, kisha unakigeuza. Ndani unatia karafuu zilizopondwa kidogo tu kinuni, vijiti vya mdalasini, na mawaridi yaliyokaushwa kivulini, kwani jua kali hufukuza harufu. Yakibaki na maji yataota ukungu na kuharibu kila kitu. Usijaze mpaka kifuko kivimbe. Acha nafasi ili siku kikipoa ukiminye, karafuu zisuguane, harufu irudi. Halafu unafunga upande wa nne. Nikauliza mbona hatii asumini. Akacheka. Asumini ni ya kikuba, ya usiku wa leo. Ikikauka harufu yake hupotea. Karafuu ndiyo ya kungoja.

Ya kungoja. Nilikuwa kifuko cha tatu. Sindano ikasimama.

Nikamwambia yote. Nilitarajia machozi, au presha ipande kama nilivyokuwa nikijitisha. Alikaa kimya muda mrefu, akavitazama vile vifuko viwili mapajani pake. Kisha akauliza, "Sasa mimi nimekuwa nikibadilisha karafuu za nini?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Mwaka wa pili tulisomeshwa Kant, aliyeandika mwaka 1797 kwamba hairuhusiwi kusema uongo hata kwa muuaji aliyekuja mlangoni kumtafuta rafiki yako. Darasa zima tulimcheka. Tulisema kinachotakiwa ni kupima maumivu: ukweli utaumiza kiasi gani, na uongo utaokoa nini. Mimi kwa bibi nilipima hivyo hivyo. Upande mmoja niliweka moyo wake, upande mwingine maneno yangu machache ya simu. Nani asingechagua moyo?

Kosa langu lilikuwa kwenye mizani. Nilidhani uongo wangu ni yale maneno tu. Kumbe ulikuwa na kazi ndani yake, na kazi ile aliifanya yeye: kupanga pesa kidogo ya karafuu, kuinama kwenye droo ya chini na magoti yale, kuhangaika na tundu la sindano asilolione. Nilimkinga na huzuni kwa kumtumikisha kwenye tumaini ambalo mimi peke yangu nilijua limekufa.

Sisemi kila uongo ni sawa na wangu. Rafiki yangu mmoja bado anashikilia kwamba ningenyamaza tu. Labda. Lakini siku hizi, kabla ya kumficha mtu jambo kwa ajili ya faida yake, najiuliza swali moja ambalo sikulipata darasani: kwa sababu ananiamini, atakuwa anafanya nini? Kama jibu ni kwamba atalala vizuri, sawa, tunaweza kujadiliana. Kama jibu ni kwamba atashona, ataweka akiba, atangoja, basi huo si ulinzi. Namla mtu maisha yake kidogo kidogo, kama kiwavi.

Bibi alinuna siku mbili. Siku ya tatu akanirudishia sindano, nimalizie vifuko. Nikauliza, vya nini tena? Akasema kitambaa ni chake, alikinunua kwa pesa yake, na hakubali kiliwe na wadudu.

Bado kiko kwenye droo, hakijakatwa. Sijui anakiwekea siku gani. Ila mara hii, siku yoyote anayoingoja, si mimi niliyemwahidi.