Lawama ya Homa

Mtoto akifa kwa homa, hukumu hutolewa kabla matanga hayajaondolewa. Mjini yasemwa kuwa mamaye alikuwa mjinga, alikwenda kwa mganga badala ya hospitali. Kijijini yasemwa kuwa alikuwa mkaidi, alikimbilia hospitali kabla ya kuwasikiliza wazee. Hukumu hizi zapingana katika kila jambo ila moja: zote mbili zamwangukia mwanamke mmoja, naye ndiye aliyepoteza zaidi kuliko mahakimu wake wote. Yafaa tuulize kama lawama hiyo ni ya haki, na kama si ya haki, yastahili kubebwa na nani.

Adui mwenyewe ajulikana. Mwaka 1880 Laveran alikiona kijidudu cha malaria katika damu ya mgonjwa huko Algeria, na mwaka 1897 Ross alikiona ndani ya mwili wa mbu huko Bara Hindi. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2023 malaria iliua watu 597,000, karibu wote katika Afrika. Na katika kila wanne waliokufa Afrika, watatu hivi walikuwa watoto wasiotimiza miaka mitano. Malaria ikishamzidia mtoto yaweza kumwua kwa siku moja au mbili. Katika maradhi haya saa ni sehemu ya dawa.

Sasa tutazame saa hizo hupotelea wapi. Watafiti walioandika habari za Bagamoyo katika miaka ya 1990 walikuta kuwa homa ilikuwa na majina mawili na njia mbili. Joto la mwili liliitwa homa ya malaria, na mzazi alinunua vidonge dukani au alikwenda zahanati. Lakini mtoto akigeuza macho, akakakamaa na kutupa viungo, jina lilikuwa degedege, maradhi yaliyonasibishwa na pepo mwenye sura ya ndege. Jina lilipobadilika njia nayo ilibadilika: mtoto alipelekwa kwa mganga akafukizwa na kuogeshwa dawa. Tabibu ajua kuwa katika nchi ya malaria degedege mara nyingi ni homa ile ile iliyopanda. Hivyo ulimi uliyakata maradhi mamoja vipande viwili, na kipande chenye hatari zaidi ukakiweka mbali na hospitali.

Wengi waliamini pia kuwa mtoto wa degedege akichomwa sindano hufa. Msomi hulisikia neno hili akacheka. Asicheke upesi. Wanakijiji walikuwa wameona kwa macho yao watoto waliopelekwa hospitali, wakachomwa sindano, wakarudishwa maiti. Macho hayakusema uongo; hukumu ndiyo iliyopotoka. Watoto hao walifikishwa roho zikiwa kooni, na sindano ilikuwa jambo la mwisho kutendeka, si jambo lililoua. Kuchelewa kulizaa kifo, kifo kikazaa hofu, na hofu ikazaa kuchelewa kwingine. Huu si ujinga wa mtu asiyefikiri. Ni kosa la mtu aliyefikiri sawasawa kwa ushahidi mpungufu, na kosa la namna hiyo hata vyuo vikuu halijapata kuvihama.

Tena tumfikirie mama mwenyewe, usiku, mtoto akichemka mapajani mwake. Zahanati i mbali. Nauli i mfukoni mwa mumewe, na mumewe yuko safarini. Mama mkwe asema angoje kupambazuke, kwa maana subira huvuta heri. Mithali ni njema, lakini lugha yetu ina nyingine isemayo ngoja ngoja huumiza matumbo, na mama huyu hana cheo cha kuchagua ni ipi ifuatwe usiku huo. Hata akifika dukani, dawa aliyoizoea yaweza kuwa imekwisha nguvu: Tanzania Bara iliiacha klorokwini mwaka 2001 kwa sababu vijidudu vilikuwa vimeizoea, na dawa iliyoshika mahali pake nayo ikaipisha dawa mseto mwishoni mwa mwaka 2006. Aliyejifunza somo moja kwa taabu aliambiwa alisahau, kisha alisahau na la pili.

Yamkini mtu atajibu kuwa tukimwondolea mama lawama yote twamfanya unyoya, wa kupeperushwa na kila upepo. Jibu hili lina uzito. Mama ni mtu mwenye akili, na mwenye akili hudaiwa. Lakini deni hupimwa kwa uwezo. Aliyeijua njia na kuwa na nauli, kisha akakaa, ana hatia kubwa. Asiyekuwa na nauli wala ruhusa hana ila msiba. Mume aliyefunga mkoba na ulimi kwa pamoja ana fungu lake. Mzee aliyeshika heshima yake akauachilia uhai wa mjukuu ana lake. Mwuguzi aliyemkaripia mama kwa kutaja degedege ana lake pia, maana aliyekaripiwa leo hatarudi kesho, na jirani yake aliyesikia hatakuja kabisa. Zahanati isiyo na dawa ina fungu lisilo dogo.

Lawama ikigawanywa hivi haiwi nyepesi, huwa kazi. Mganga anayesema, "Mpelekeni hospitali sasa," huokoa roho bila kupoteza heshima yake. Tabibu anayelikubali neno degedege, kisha akaeleza kuwa ndiyo malaria iliyopanda, huviunganisha vile vipande viwili. Na baba aweza kutenda jambo lisilo na gharama: kumwambia mkewe, siku ya afya, mbele ya mamaye mzazi, kuwa mtoto akipata homa asingoje neno lake wala la mtu mwingine, na kuweka nauli mahali ambapo mkono wa mama wafika.

Ruhusa inayoombwa usiku wa homa imekwisha chelewa. Heshima ya wazee ni nguzo ya nyumba, wala sisemi ing'olewe. Nasema tu kuwa nguzo iliwekwa ili watoto walale chini ya dari, nayo haikuwekwa ili iwazuie kutoka nyumba ishikapo moto.